Usukani wa yoti kuukuu unavuja: pakingi, sili za mpira au kuushusha mzima?

Maji yakianza kuonekana ngamani (chini kabisa ndani ya boti) upande wa tezi (nyuma), kidole cha kwanza huelekezwa kwa shafti ya propela. Mara nyingi huonewa bure. Kwenye yoti za injini za miaka ya 1970 na 1980, zile zilizotumika Pwani kwanza kisha zikapandishwa lori hadi Kisumu, kuna tundu jingine lililojificha chini ya kitanda cha chumba cha nyuma: pale shafti ya usukani (lile bapa la chini ya maji linaloigeuza boti) inapopenya mwili wa boti. Hapo pana kikombe cha pakingi (kamba ya kuziba maji) au sili (pete ya mpira), grisi iliyokauka, na nati ambazo hazijaguswa na spana kwa miaka.

Usidharau tone. Tone moja kila sekunde ni kama lita nne kwa siku. Mwenye boti akiwa Nairobi na boti imefungwa gatini mwezi mzima, pampu otomatiki itayatoa maji hayo bila kumwambia mtu, mpaka siku betri itakapokwisha.

Tiba ziko tatu: kubadilisha pakingi, kuweka sili za mpira, au kuushusha usukani mzima na kutengeneza bushi (pete zinazoishika shafti) na shafti. Mafundi hubishana sana kuhusu hizi tatu, na kila mmoja ana ushahidi wa boti aliyoiponya. Ninavyoona, wote wana haki, kwa sababu hawazungumzii ugonjwa mmoja.

Kabla ya yote, mkamate mwizi

Kausha eneo lote kwa kitambaa, kisha zungushia karatasi ya tishu kwenye shingo ya kikombe, na nyingine chini kwenye bomba la usukani (ambamo shafti hupita). Mwambie mtu azungushe gurudumu la kuongozea kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, mara kadhaa. Tishu ya juu ikilowa kwanza, ni pakingi au sili. Ya chini ikilowa kwanza, angalia hosi. Boti nyingi zina kipande cha hosi nene kinachounganisha kikombe na bomba, na hosi hiyo huzeeka, ikapasuka nyuma ya klipu ambako macho hayafiki. Hosi mpya na klipu mbili za chuma cha pua kila upande zinaweza kumaliza hadithi yote, ukaacha kusoma hapa.

Angalia pia inavuja lini. Kuna boti zisizotoa hata tone zikiwa zimetulia, lakini zikishika mwendo tezi inazama kidogo, maji yanapanda ndani ya bomba na kuanza kuingia. Hiyo ni habari njema, kwa maana kikombe kiko juu ya usawa wa maji boti ikiwa imesimama, na utaweza kukifungua bila kuitoa ziwani.

Halafu shika bapa la usukani, ukiwa nchi kavu au ndani ya mtumbwi mdogo pembeni, ulisukume kushoto na kulia, mbele na nyuma. Likicheza kiasi cha kugonga, bushi zimelika. Shafti inayoyumba hupanua chochote utakachoizungushia, iwe pakingi ya bei ya juu au sili ya kutoka Ulaya. Kipimo hiki ndicho chenye uzito kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale. Kwanza, shafti inatakiwa iwe katika hali gani ndipo njia hiyo ifanye kazi? Pili, je, boti lazima itoke majini? Tatu, vipuri na fundi wanapatikana Kisumu au utasubiri kifurushi? Nne, njia hiyo ikichoka, inachokaje: polepole kwa kukuonya, au ghafla? Gharama nimeiweka ndani ya hayo, kwa sababu hapa kwetu kinachokula pesa ni kuinua boti na siku za fundi. Kipuri chenyewe mara nyingi ni kidogo.

Jambo la nne lina uzito wake Ziwa Victoria. Ukiwa Mombasa, karakana haiko mbali. Ukiwa umetia nanga Mfangano au Rusinga, karakana ni wewe na sanduku lako la spana.

Na ziwa lenyewe lina tabia zake. Maji baridi ni rafiki wa chuma cha pua kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo vishimo vya kutu unavyoviona kwenye shafti huenda boti ilikuja navyo kutoka Pwani. Adui wa hapa ni tope. Mto Nyando humwaga udongo kwenye Ghuba ya Winam kila masika, na punje hizo zikiingia kati ya shafti na pakingi hufanya kazi ya msasa. Ongeza gugu maji: likijisokota kwenye usukani, huuvuta upande mmoja na kuzitesa bushi. Boti inayolala karibu na Dunga, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, itakula sili haraka kuliko ile inayolala Mbita kwenye maji yaliyo wazi zaidi.

Njia ya kwanza: pakingi mpya

Hii ni kamba ya mraba iliyosukwa kwa kitani kilicholoweshwa mafuta, au kwa nyuzi za PTFE (plastiki telezi, Teflon), inayokatwa pete tatu au nne na kubanwa ndani ya kikombe kwa kifuniko chenye nati.

*Shafti inavyotakiwa iwe.* Pakingi ina uvumilivu. Mikwaruzo midogo na vishimo vichache itavijaza. Haivumilii shafti inayoyumba.

*Kazi yenyewe.* Kama kikombe kiko juu ya usawa wa maji, au unaweza kukifikisha hapo kwa kuhamishia vitu vizito omoni, yaani mbele (nanga, minyororo, madumu ya maji, watu wanne wanene), kazi inafanyika boti ikiwa majini. Uwe na pampu inayofanya kazi, na matambara tayari.

Toa pakingi ya zamani yote. Nasema yote, maana mtindo wa kuongeza pete moja juu ya zile zilizokauka ndio uliozifikisha boti nyingi hapa zilipo: zile za chini zimekuwa ngumu kama mti na hazibaniki tena. Tumia ndoano yenye ncha ya skrubu, polepole, usiikwaruze shafti. Kama boti ni ya miaka ya 1970 na pakingi inaonekana ya asili, ichukulie kwamba inaweza kuwa na asbesto: iloweshe kwanza, usiikwangue ikiwa kavu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Pima nafasi kati ya shafti na ukuta wa kikombe. Hiyo ndiyo saizi ya pakingi yako, iwe milimita 6, 8 au 10. Kata pete ukiwa umezungushia kamba kwenye bomba lenye unene sawa na shafti, kwa mkato wa mshazari ili ncha zilaliane. Ingiza pete moja moja, ukizipishanisha ncha zisije zikasimama mstari mmoja na kuwapa maji njia. Ukikuta pete ya shaba yenye matundu katikati, usiitupe. Ni njia ya grisi, na lazima irudi usawa wa tundu la grisi. Kaza nati kwa mkono, kisha robo mzunguko kila upande kwa zamu. Kifuniko kikienda upande, kitaikwaruza shafti.

Hapa kuna tofauti ambayo hata mafundi wazuri wa propela huisahau. Pakingi ya propela huachwa idondoshe kidogo ili shafti isipate moto. Shafti ya usukani haizunguki kwa kasi, haipati moto. Ya usukani ikazwe mpaka isitoe hata tone, mradi usukani bado unageuka bila kukaza mkono.

*Vipuri na fundi.* Kisumu ina bahati kwa hili. Pampu za viwanda hutumia pakingi ya aina hiyo hiyo, na ukanda wa sukari kuanzia Kibos hadi Chemelil na Muhoroni una pampu nyingi, kwa hiyo ulizia kwenye maduka ya vipuri vya viwandani kabla ya kuagiza mbali. Uliza imetengenezwa kwa nini. Ile nyeusi ya grafiti haifai kwa shafti ya chuma cha pua kama boti itarudi baharini siku moja. Kwenye maji ya chumvi grafiti huila chuma hicho. Chukua ya PTFE au ya kitani.

*Inavyochoka.* Polepole, kwa heshima. Itaanza kwa unyevu, kisha tone. Robo mzunguko wa spana na imerudi. Hata ukiwa Takawiri jioni, dakika chache zinatosha.

*Inamfaa nani.* Anayekaa na boti yake, anayefungua sakafu kuangalia, asiyeona taabu kushika spana mara mbili tatu kwa mwaka.

Njia ya pili: sili za mpira

Ni zile sili zenye mdomo wa mpira na springi ndogo nyuma yake, dada wa sili za ekseli ya gari. Boti nyingine zilitoka kiwandani nazo, au na oringi (pete nyembamba za mpira). Nyingine mwenyewe anaamua kukerezewa kifuniko kipya kitakachobeba sili mbili badala ya pakingi.

*Shafti inavyotakiwa iwe.* Hapa ndipo mambo hukwama. Mdomo wa sili hugusa shafti kwenye mstari mwembamba sana, na mstari huo lazima uwe laini na mviringo kamili. Mkerezaji mmoja wa hapa mjini hana haja ya mikromita kuanza. Hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya shafti, taratibu, kutoka juu kwenda chini, akiwa ameangalia pembeni. Ukucha ukinasa, anakurudishia shafti yako: “Mkubwa, hapa maji yana barabara. Sili utanunua bure.”

Shafti ikiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, bado kuna pa kukimbilia. Unaweza kuisogeza sili mpya ikae juu au chini kidogo ya mfereji, au kuivisha shafti ala nyembamba ya chuma cha pua. Vishimo virefu vya kutu ni habari nyingine.

*Kazi yenyewe.* Sili ni pete nzima. Lazima ipitie ncha ya juu ya shafti. Maana yake mkono wa usukani, ule uliofungwa juu ya shafti ili kuigeuza, utoke. Tafadhali soma sentensi hii mara mbili: kwenye boti nyingi, mkono huo au pete iliyo chini yake ndiyo inayouzuia usukani usidondoke. Ukiufungua boti ikiwa majini bila kuuning'iniza usukani, utaenda chini na kukuachia tundu la unene wa mkono chini ya kitanda. Ufunge kamba kutoka nje au uuegemeze kwa chini kabla ya kugusa boliti yoyote. Na anayeingia majini kufunga kamba hiyo ajue ziwa lina kichocho, na viboko wanapenda pwani ile ile tunayoipenda sisi. Kwa sababu hizi, binafsi ningeifanya kazi hii nchi kavu hata pale inapowezekana majini.

Unapoivisha sili, funika kona za mfereji wa ufunguo wa shafti (kijitaro kilichochongwa ili mkono ushike) kwa utepe laini. Kona hizo hukata mdomo wa mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja. Upande wenye springi utazame maji. Jaza grisi isiyoyeyuka majini kati ya sili mbili, na kama kifuniko kinakerezwa upya, mwambie fundi aweke nipo ya grisi (mdomo wa kusukumia grisi) hapo katikati.

*Vipuri na fundi.* Saizi imeandikwa ubavuni mwa sili: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Duka la beringi litakupatia mpira wa nitraili, na unatosha kabisa; maji ya kina cha mita moja yana msukumo wa kama ba 0.1 tu, ambao sili ya kawaida inaustahimili bila jasho. Bei yake haifiki ya samaki mzima mezani Dunga. Ugumu ni springi. Sili za magari huja na springi ya chuma cha kawaida, na itaota kutu. Omba yenye springi ya chuma cha pua, na iliyofunikwa mpira nje. Hii mara nyingi huagizwa, kwa hiyo agiza na za akiba, kisha uivishe ya akiba kwenye shafti juu ya zile mbili, imeelea kwenye grisi, ingali nzima. Siku za kwanza zitakapochoka hutahitaji kufungua mkono wa usukani tena.

*Inavyochoka.* Hukaa kimya miaka, kavu kabisa, kiasi cha kusahaulika. Kisha mdomo unachanika au unakuwa mgumu, na hakuna nati ya kukaza. Mchanga ukishaingia chini ya mdomo, mfereji mpya unaanza kuchimbwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye shafti nzima, asiyetaka tone wala kazi ya kila msimu, na ambaye boti yake iko karibu na mahali pa kuinuliwa.

Njia ya tatu: kushusha usukani

Hakuna anayeichagua kwa furaha. Huja yenyewe pale usukani unapocheza au shafti imeliwa.

*Shafti inavyotakiwa iwe.* Hata mbovu. Ndiyo dawa yake: hujazwa kwa kuchomelewa kisha ikakerezwa upya, au huvishwa ala, au hubadilishwa.

*Kazi yenyewe.* Boti lazima itoke, na itoke juu. Usukani hushuka chini kwa urefu wote wa shafti yake, kwa hiyo ama boti iinuliwe juu ya magogo marefu ama uchimbe shimo chini yake. Bandari ya Kisumu ina gudi (bwawa la kukaushia meli zikitengenezwa) la tangu enzi za reli, na karakana ya Kenya Shipyards jirani ndiko ilikoundwa MV Uhuru II, ila hayo ni mambo ya meli. Yoti ya mita 12 yenye tani 10 hivi hutolewa kwa trela au kreni, na bei ya kreni ndiyo itakayoamua wakati wa kazi hii. Ipange pamoja na kupaka rangi ya chini, kubadilisha vali na kukagua propela, ulipe kreni mara moja.

Bushi mpya zinaweza kuwa za shaba nyeusi au za plastiki ngumu. Nailoni ya kawaida ikwepe. Hunywa maji, ikavimba, na usukani unakaza. Ukiwa umeushika usukani mkononi, gonga bapa lake lote kwa kishikio cha bisibisi. Mlio wa debe tupu au maji yanayochirizika pembeni ya shafti maana yake maji yameingia ndani, na vyuma vilivyochomelewa kwenye shafti ili kushika bapa vinaoza bila kuonekana. Ni afadhali ugundue hapo kuliko katikati ya Winam upepo wa alasiri ukiwa umepanda. Kama kuna nafasi chini ya sakafu, huu pia ndio wakati wa kurefusha bomba ili kikombe kikae juu ya usawa wa maji.

*Vipuri na fundi.* Ukerezaji Kisumu upo, tena mzuri. Hakikisha tu fundi anajua aina ya chuma cha shafti kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, na arudishe shafti ikiwa imenyooka, moto huikunja.

*Inavyochoka.* Huchukua miaka mingi. Ila kumbuka njia hii haijakuondolea chaguo la awali: juu ya bushi mpya bado utaweka ama pakingi ama sili.

*Inamfaa nani.* Mwenye usukani unaocheza, na anayenunua boti kuukuu ambayo historia yake haijulikani.

Kulingana na hali yako

Boti iko majini, inadondosha, na safari ya Homa Bay ni Jumamosi: kaza nati robo mzunguko kila upande, sukuma grisi kama kuna nipo, na angalia baada ya saa moja ya mwendo. Nati zikiwa zimefika mwisho, weka pakingi mpya. Usianze sili wiki hiyo.

Unaishi mbali na boti hukaa peke yake: kama ukucha haunasi kwenye shafti, sili mbili pamoja na ya akiba zitakupa usingizi. Weka pia kengele ya maji ngamani, ya kumwita mlinzi au wewe, kwa sababu pampu pekee huficha tatizo.

Unabeba watalii kati ya Mbita, Rusinga na Mfangano kila wiki: pakingi, kwa sababu unaweza kuitengeneza pale ulipo, na msimu wa mvua tope likizidi utaikaza mara nyingi zaidi.

Usukani unacheza lakini pesa ya kreni haijapatikana: pakingi mpya itakusogeza miezi kadhaa, sili haitakusogeza popote. Endesha polepole, kwepa mashamba ya gugu maji, na usiikaze pakingi mno kwa hasira, kwa maana utakuwa unaila shafti ambayo baadaye utalipia kuijaza.

Unataka kununua yoti iliyotoka Pwani: omba ionwe ikiwa nchi kavu, likamate bapa ulitikise mbele ya muuzaji, kisha mpatane bei mkiwa mmesimama hapo hapo.